Jicho la Nzi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekuwa na uchungu moyoni na sitaficha. Mamangu ni mgonjwa, niko naye hapa kwangu Nyalenda, ibada sijahudhuria kitambo, na ujumbe wa kwanza kuingia kwa simu ukawa wa kuniuliza mchango wangu wa mabati ya kanisa uko wapi. Mama anaendeleaje, hakuna aliyeuliza. Haya.

Sasa jioni moja mtoto akaleta kazi ya shule, achore mdudu na sehemu zake. Kichwa, kifua, tumbo, vipapasio viko kichwani, miguu yote sita na mabawa vinatoka kifuani, hiyo tulimaliza haraka. Tulikwama kwa macho, maana hapo hapo mezani nzi alikuwa ametua kando ya sahani ya omena, anajipangusa macho na miguu ya mbele kwa sababu kope hana, na kila nikiinua mkono ameshatoroka.

Jicho moja la nzi lina vilensi karibu 4,000 vimepangana kama sega la asali. Kereng'ende wale wa kando ya ziwa wanaweza fika hata 30,000. Kila kilensi kinaangalia upande wake, ubongo unaunganisha, kwa hivyo anaona mbele, kando na karibu nyuma yote pamoja, na kitu kikisonga tu amekiona kabla yako. Lakini sura ya kitu haishiki vizuri, ni ukungu. Anajua mkono unakuja, hajui ni wa nani.

Wapendwa, hapo nilinyamaza. Si ndiyo macho yetu hayo! Nani amekuja na gari mpya tumeona, nani amehama kiti tumeona, nani hajatoa tumeona mapema sana, lakini mtu mwenyewe hatumuoni. Na nasema hivi kwa upendo lakini nasema, hata viongozi, mnajua kuhesabu viti.

Someni Luka 8. Umati unamsonga Yesu, Jairo ana haraka, bintiye yuko karibu kufa, na Yesu anasimama njiani anauliza, "Ni nani aliyenigusa?" Petro anashangaa, si watu wote hawa wanakusukuma? Yeye hakusonga mpaka yule mama akajitokeza, akatetemeka, akaeleza yote mbele ya watu, miaka 12 ya kutokwa na damu, pesa zote zimeishia kwa waganga. Na akamuita Binti. Huyo ndiye tunayemfuata jamani, yule anayesimama, hata kama safari ni ya maana na mwenye haraka ana sababu.

Mtu mmoja tu wiki hii. Usitume ile picha ya maua na mstari, enda, keti, uliza alilalaje.

Yule mama wa viazi anayeketi nyuma kanisani hajaonekana tangu mvua ianze. Kesho dada yangu atabaki na mamangu, nitampitia huyo wa viazi nikitoka soko la Kibuye. Nani tuandamane?