Hita ya gesi kwenye kibanda cha kulinda viazi, na ile sensa ambayo shemeji anataka niifunge

Shemeji ameniambia mara tatu sasa, "hiyo kidude ya kuzimazima tuifunge na waya bana, tulale kwa joto," yaani ile sensa inayoizima hita yetu ya gesi oksijeni ikipungua, na mara zote tatu nimemkatalia, na juzi alinuna kabisa akashuka nyumbani bila kuaga, ndiyo nikaona afadhali niandike yote hapa. Najua ataisoma kwa simu. Na wenye vibanda kama chetu huku juu wasome pia, kwa sababu hii kitu inaua na watu wanaichukulia kawaida.

Kibanda chetu kiko mwisho wa shamba, upande wa Kwosir, ukitoka hapo hatua chache umeshafika kwenye mpaka wa hifadhi ya Mlima Elgon. Simu inaniambia ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Nguzo nne, mianzi, turubai kuzunguka pande zote, mabati matano juu, ndani mnalala wawili mkikunja magoti. Viazi vikianza kukomaa lazima mtu alale huko kila siku, maana nyani wao ni kazi ya mchana lakini nguruwe mwitu na nungunungu wanakuja usiku, na nguruwe watano wakiingia kwa saa moja unaamka unakuta mistari miwili yote imefukuliwa kama imelimwa na trekta. Kuua hatuui, ukikamatwa umeua mnyama bila ruhusa ya UWA, ile mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, sheria ya wanyamapori ya 2019 haikuchezei, kwa hiyo silaha yetu ni tochi, debe la kupiga kelele na mbwa wawili. Mtu anakaa tu anasikiliza. Na baridi ya huku ikishapita saa sita usiku, yaani vidole vinakufa, hata swichi ya tochi huisikii.

Kabla ya hita tulikuwa na sigiri kama kila mtu. Unawasha makaa nje mpaka moshi unaisha, yakishakuwa mekundu unaingiza ndani, unafunga turubai. Wazee walitufundisha hivyo, moshi ukiisha ni salama. Si kweli. Moshi unaisha lakini kaboni monoksaidi inaendelea kutoka, hata makaa yakiwa mekundu vizuri bado inatoka nyingi, na haina harufu, haina rangi, haiwashi macho, hukohoi. Inaingia kwenye damu inashika pale oksijeni ingeshika, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200, kwa hiyo kidogo tu inatosha.

Usiku ule mimi niliamka saa tisa nataka kwenda haja ndogo. Nikaketi, kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani, nikataka kusimama miguu ikakataa, si kwamba iliuma, hapana, ilikuwa kama si yangu. Nilidhani ni malaria imenipanda ghafla. Nikatambaa nikasukuma turubai kwa kichwa nikaanguka nje kwenye umande, nikatapika, na hewa baridi ikaniingia ndiyo akili ikaanza kurudi na nikakumbuka kwamba shemeji bado yuko ndani. Nilimvuta kwa miguu. Nilimwita jina, nikampiga makofi, anafungua macho anafunga. Jirani wa shamba la chini alisikia mbwa wanabweka ovyo akaja, tukakaa naye hapo nje tumemfunika mablanketi mpaka akaanza kunitukana, nikajua amerudi. Kichwa kiliniuma mpaka mchana, na siku hizi naelewa kwa nini, hii sumu ukivuta hewa ya kawaida damu inahitaji kama saa 4 hadi 6 kutoa nusu yake tu. Leo najua pia kwamba tulipaswa kumkimbiza hospitali usiku uleule apewe oksijeni, hatukufanya hivyo, Mungu alitusaidia.

Sasa hita. Kaka yangu yuko Marekani, Minnesota, anafanya kazi kiwandani, na wenzake wa kazi wakifika Novemba wanaenda kuwinda kulungu wa kule, wenye mkia mweupe. Wana vibanda vya kuvizia, vingine ni kama hema, vingine ni sanduku la mbao juu ya miguu mirefu lenye madirisha madogo, mtu anakaa humo tangu alfajiri bila kutikisika huku nje maji yameganda. Humo wanaweka hita ndogo ya gesi ya propeni, ya kubebeka kwa mkono, inakaa chini mbele ya miguu. Nilipomsimulia kaka habari ya sigiri alinyamaza kwenye simu muda mrefu, halafu alipokuja likizo akaniletea moja. Mtungi wake hakuja nao maana gesi kwenye ndege hairuhusiwi. Kule wanatumia vimitungi vidogo vya gramu 450 hivi, kimoja kinakaa kama saa tano moto ukiwa mdogo, huku sijaviona dukani, na kichwa cha hita hakiingii kwenye mitungi yetu ya kilo 6. Nilingoja miezi miwili nikapata adapta na mpira unaofaa kutoka Nairobi. Fundi mmoja alikuwa tayari kunifungia mpira wa kawaida kwa waya siku hiyohiyo, nikakataa, na ninyi mkatae.

Kitu cha kwanza kilichonipendeza ni hiyo sensa. Pembeni ya kile kichanja kinachong'aa kuna kamoto kadogo ka bluu, kamesimama kama ukucha, kanalamba ncha ya kijiti cha chuma. Kijiti kikiwa cha moto valvu inabaki wazi, gesi inapita. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, ikishuka kukaribia 18 kale kamoto kanashindwa kukaa pale, kanainuka, kanakiacha kijiti, kijiti kinapoa, valvu inajifunga, tik, hita imezima. Nililala kifudifudi nikakaangalia kwa macho yangu, tumefunga turubai kwa majaribio saa nane mchana tukiwa macho wote, na kweli kalianza kucheza, kakanyanyuka, kakaondoka.

Shida ni kwamba huku kwetu inazima hata tukiwa hatujafunga sana. Kaka alinisomea kitabu cha maelezo cha hita, kimeandika wazi kwamba ukipita futi 7,000, ambayo ni kama mita 2,130, hita inaweza kujizima yenyewe. Sisi tuko mita 2,600. Ukivuta pumzi hapa unapata kama robo tatu tu ya oksijeni anayopata mtu wa Mombasa, sasa kale kamoto nako kanapumua hewa hiyohiyo. Kwa hiyo shemeji anasema hii mashine imeharibika, imetengenezwa kwa wazungu wa bondeni, tuifunge. Shemeji, haijaharibika. Imehesabu hewa ikakuta haitoshi. Ukiikaza na waya itaendelea kuwaka kwenye hewa ambayo haitoshi, na moto wowote ukikosa oksijeni, uwe wa gesi uwe wa makaa, unaanza kutoa ileile kaboni monoksaidi iliyokulaza kwenye umande. Na kingine ambacho wengi hawajui, ile sensa haipimi kaboni monoksaidi hata kidogo, inapima upungufu wa oksijeni tu. Hita yenye vumbi ndani au utando wa buibui kwenye tundu la kuvutia hewa inaweza kukupa sumu huku oksijeni bado ni nyingi na sensa imetulia. Mimi yangu ilikaa stoo miezi mitatu, nilipoiwasha moto ukatoka wa njano na ncha nyeusi, nikazima, nikamulika na tochi, kuna buibui ameshona kabisa mlango wake humo ndani. Nikatoa na brashi ya mswaki mkavu. Moto uwe wa bluu, na kile kichanja king'ae chekundu sawasawa, ukiona njano zima.

Lakini jambo ambalo lilinichukua muda kuliona ni hili. Wale wawindaji wa Minnesota wako macho. Wamekaa kwenye kiti, bunduki mapajani, dirisha liko wazi kwa sababu lazima waone mnyama na wapige, yaani kibanda chao kinapumua kwa sababu ya kazi yenyewe. Hita ni ya kupasha vidole visitetemeke kwenye traiga. Jioni wanazima wanarudi nyumbani. Sisi tunataka kuichukua hiyohiyo tufunge kila tundu, tujifunike, tulale nayo. Hapo tumeibadilisha kazi yake. Kaka alipoulizia kwa wenzake kama wanalala nayo walimwambia hapana, na kwamba kule pia kila msimu watu wanaonywa kwa sababu wapo waliojaribu wakakutwa asubuhi.

Na kuna maji. Hii sikutegemea. Gesi ikiungua inatoa mvuke, kilo moja ya propeni inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yanapanda yanakutana na bati la baridi yanageuka matone. Usiku wa kwanza na hita niliamini bati linavuja, tone linanidondokea shingoni, nikamulika nje hakuna mvua, nyota zimejaa. Blanketi asubuhi unalikamua. Kwa hiyo hata mtu asiyeogopa sumu aelewe kwamba ukifunga kibanda unalala kwenye maji, na mtu mwenye nguo mbichi anasikia baridi kuliko aliyekuwa bila hita.

Tulichofanya, tumekata turubai chini ya mlango, upana wa kiganja mara mbili, na juu upande wa pili chini ya bati tumeacha nafasi hivyohivyo, na hizo hazizibwi na gunia wala na nini. Ile ya chini ina kazi mbili, inaingiza hewa, na pia gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, basi ipate pa kutokea. Mtungi unakaa nje, mpira tu ndio unaingia, na kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye maungio nikitazama kama linapuliza. Gesi hii ya kwetu ni mchanganyiko na biuteni, na biuteni inapokaribia nyuzi 0 inakataa kabisa kugeuka mvuke, kwa hiyo usiku wa baridi kali mtungi nje unalegea, moto unafifia. Wapo wanaousogeza mtungi kwenye moto ili upate nguvu. Naomba, kwa yeyote anayenisikia, usiguse hilo.

Hita tunaiwasha tukitoka kuzunguka shamba, turubai la mlangoni limeinuliwa, mmoja yuko macho, tunakausha soksi na kupasha mikono. Dakika ishirini, thelathini. Ikijizima mapema siigombezi, natoka nje navuta hewa. Kabla ya mtu kulala valvu ya mtungi inafungwa, si kitufe cha hita tu. Nimeagiza pia kengele ya kaboni monoksaidi, ile ya betri, haijafika, ikifika itaning'inia karibu na vichwa vyetu.

Joto la kulalia tunalipata kwingine, na hili shemeji mwenyewe ndiye aliyelileta, namshukuru hata kama amenuna. Mama yake alikuwa anawafanyia walipokuwa wadogo. Tunachemsha maji nje kwenye mafiga, tunayaacha yapoe kidogo maana yakiwa yanatokota jerikeni inalegea, tunajaza jerikeni ya lita 5, tunakaza kifuniko, tunaivalisha sweta kuukuu, inaingia chini ya blanketi miguuni. Saa kumi alfajiri bado ina uvuguvugu. Jana nililala peke yangu na zote mbili, yake na yangu, moja miguuni moja mgongoni, na saa tisa mbwa walipoanza niliruka nje vidole vyangu vikiwa hai, tochi ikawaka mara moja, nguruwe watatu na mtoto wao wakarudi msituni hawajagusa hata shina. Shemeji, sweta yako bado iko kwenye jerikeni, njoo leo ni zamu yako.