Ni yupi aliyetenda dhambi?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii jumuiya yetu ilisali kwa mama mmoja hapa Newala. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikorosho. Baridi ya Julai ya huku juu mnaijua. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amejikunyata chini ya vitenge viwili, miguu inamuuma, hataki kuguswa. Akiwa mchanga vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akapimwa damu, ikaonekana ana sikoseli, ugonjwa wa damu.

Tukiwa bado mlangoni, mmoja wetu akanong'ona kama ukoo ule hauna jambo. Swali la zamani hilo. "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Naye Bwana akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:2-3).

Tuitazame damu yenyewe. Chembe nyekundu nzima ni kama kitumbua kilichobonyezwa katikati. Ni laini, hujikunja ikapenya mishipa myembamba kuliko yenyewe, na huishi siku zipatazo 120. Imejaa himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni. Kwa mtoto huyu, katika mnyororo wa himoglobini wenye viungo 146, kilichobadilika ni kiungo cha 6. Kimoja tu! Oksijeni ikipungua, himoglobini yake hushikana ikawa kama vijiti, chembe ikajipinda mfano wa mundu, ikakakamaa, ikakwama njiani. Mbele yake damu haifiki, na hapo ndipo mtoto analia. Chembe hizo hufa ndani ya siku 10 hadi 20, mwili hauwahi kuzifidia. Ndiyo maana macho yake yana umanjano na kila mara anapungukiwa damu.

Ugonjwa huu ameurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao ni wazima na hawakujua wamebeba nini. Tena anayerithi upande mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti wake huku Afrika Mashariki. Fikirini, wapendwa: tunachokiita laana ndicho kilichowavusha wengi wa mababu zetu utotoni. Nilipolielewa hili nilipiga magoti.

Baridi huamsha maumivu hayo, na kukosa maji vilevile. Nasi wa uwanda huu taabu ya maji tunaijua, bibi zetu waliyafuata mabondeni wakapanda nayo kichwani. Yule mama humpa mwanawe kikombe kila mara, hata ikibaki ndoo moja ya nyumba nzima.

Baada ya sala akina mama wawili walitoka, wakarudi na madumu ya lita 20. Yule aliyenong'ona mlangoni akainjika sufuria, maji yakapata moto, akachovya kitambaa, akakikamua, akakilaza polepole kwenye goti la mtoto. Safari hii mtoto alikubali kuguswa.