Siku moja kwenye kiwanda cha mafuta ya tairi, Athi River

Saa kumi na mbili asubuhi niko kazini. Watu wakisikia nafanya na matairi kuukuu wanadhani tunayachoma tu moshi ujae mji, hapana, tunayapika bila hewa. Yanaingia kwenye mtungi mkubwa wa chuma, mlango unakazwa kwa bolti, moto unawashwa chini, raba inageuka mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa kwa maji na kuwa mafuta, vile vile chang'aa inavyopikwa. Ukipakia tani 10 unapata kama tani 4 za mafuta, kinachobaki ni masizi, waya na gesi, na hiyo gesi tunairudisha chini iwake.

Mpaka saa nne ni kung'oa waya nene wa ukingo wa tairi na kupakia. Kisha moto.

Saa nane mafuta yameanza kutiririka kwenye kioo, meusi yenye wekundu kwa mbali, na hapo ndo akaja mzee mmoja na Canter, madramu matupu nyuma. Anataka dizeli. Nikamwambia mzee, haya ni ya boila, ya kuyeyusha chuma, ya kuchoma matofali, kwa injini hapana. Akasema jirani yake anatia kwa jenereta na inanguruma tu. Nikamweleza salfa yake inafika asilimia 1, yaani sehemu 10,000 kwa kila milioni, na dizeli ya petroli stesheni tangu 2015 haifai kuzidi 50, tena haya yanashika moto upesi kuliko dizeli. "Wee kijana, nimeendesha lori kabla hujazaliwa." Nikamchotea kwenye chupa anuse, akakunja uso, lakini bado, eti basi nimchanganyie nusu kwa nusu, saa nzima hivyo na mimi jicho moja liko kwa geji ya presha. Nikakataa. Akampigia bosi, bosi akanipigia, nikaeleza yote upya, bosi akasema umefanya sawa.

Baada ya hapo saa sikuangalia tena. Kichwa kinagonga, harufu imeingia mpaka kwa nywele na sabuni haiitoi. Jioni lori la kiwanda cha chuma likaja likajaza, na hapo huwa najisikia vizuri sana, matairi yaliyokuwa yanafuga mbu kwa mitaro leo usiku yanayeyusha chuma cha kujengea nyumba za watu.

Kijana wa shifti ya usiku nimemwambia asiguse mlango kabla joto halijashuka chini ya digrii 50, masizi ya moto yakipata hewa yanawaka. Akasema sawa. Nikamwambia tena.