Kadi za zambarau inayofifia: nilivyozitengeneza nyumbani Mombasa

Mamangu mdogo alikuwa ameshanunua leso za sare Biashara Street, pindo la zambarau na mji mweupe, akataka kadi za mwaliko wa harusi zifuatane nazo. Ila hakutaka zambarau ikatike ghafla kama inavyokatika kwenye leso. Ianze chini ikiwa imekolea, ipande ikififia, juu iwe nyeupe kabisa. "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye mkono," akaniambia, na kadi 60 zikawa juu yangu.

Kwanza niliamua maneno yakae wapi, kwa sababu rangi ya namna hii ina kazi zaidi ya urembo: sehemu nyeupe ndiyo karatasi ya kuandikia. Juu nikaacha nafasi ya Bismillahi na majina ya maarusi kwa mkono, chini zambarau ikabaki tupu. Mahali, saa na mengineyo nilipeleka kuchapisha kwenye karatasi nyepesi ambayo baadaye niliigundisha ndani ya kadi. Mashine nyingi ndogo za madukani hukataa karatasi nene, na wino wa mashine za kupuliza wino (inkjet) hutawanyika ukiguswa na maji.

Karatasi nayo ina maneno yake. Manila ya kawaida hujikunja ikinyweshwa maji. Nilitafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ghali kidogo, lakini hiyo hutulia. A4 moja ukiikata katikati unapata A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa ni kadi ya milimita 105 kwa 148. Paka rangi karatasi ikiwa bapa, ukunje baadaye. Alama ya mkunjo naipiga kwa rula na biro iliyokwisha wino, mkunjo unatoka mnyoofu.

Sasa rangi ya maji. Niliibana karatasi kwenye ubao kwa ile tepu ya karatasi wanayotumia mafundi wa rangi za nyumba, pande zote nne, nikaegemeza ubao juu ya kitabu uinamie kwangu. Kadi niliigeuza kichwa chini, yaani upande utakaokolea ukawa juu, maji yapate kuteremka kuelekea upande mweupe. Karatasi nzima inapakwa maji safi hadi ing'ae bila kutuama. Kisha mstari wa kwanza kwa brashi pana iliyoshiba zambarau, kutoka ukingo hadi ukingo. Brashi inachovywa kwenye maji safi, mstari wa pili unapita nusu juu ya ule wa kwanza. Unachovya tena, unashuka, na kila mara rangi inapungua yenyewe hadi mistari ya mwisho ni maji matupu. Ukifika chini, weka brashi. Mkono utakuwasha urudi kurekebisha, usirudi. Tone la maji likiingia kwenye rangi iliyokauka nusu huisukuma pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjomikunjo, kama ua la koliflawa, na doa hilo halifutiki.

Kumbuka pia kwamba rangi ya maji ikikauka hupauka. Inayoonekana kali mno ikiwa mbichi ndiyo itakayokuwa sawa. Ikiwa bado haijakolea, theluthi ya upande wa kukolea inaongezwa mkono wa pili, lakini baada ya kukauka kabisa. Jicho halitoshi kupima hilo. Gusa kwa mgongo wa kiganja: karatasi ikiwa baridi, bado ina maji.

Hapo ndipo hewa ya Mombasa inapoingia. Unyevu wetu huchelewesha ukaukaji, na wengi hulalamika. Mimi naona ni neema wakati wa kupaka, kwa kuwa rangi inabaki mbichi muda wa kutosha kuchanganyika bila mstari. Kwa hiyo pangaboi nilizima nilipopaka, nikaliwasha nilipomaliza. Shida ni baadaye: kadi zikipangwa moja juu ya nyingine zingali na unyevu hushikana, na zikifungwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu. Nilizianika ndani kwa kuzibana kwenye kamba.

Kwa njia hiyo nilifanya za wazee na wageni wa heshima tu. Zilizobaki nilizifanya kwa sponji na wino wa mihuri, ule wa zambarau unaouzwa kila duka la vifaa vya ofisi. Sponji inagongwa kwenye kidau cha wino, inapunguzwa kwanza kwenye karatasi ya kutupa, halafu inazungushwa kutoka nje ya ukingo kuingia ndani ya kadi, wepesi wepesi. Ukitaka ikolee, rudia mizunguko, usikandamize. Haina maji ya kukunja karatasi na ni ya haraka. Jasho la vidole ndilo adui, basi weka kipande cha karatasi chini ya kiganja.

Tangu hapo nimeombwa kadi za rangi mbili, hasa jua na bahari. Bluu kuelekea manjano hupitia kijani, inapendeza. Bluu ikikutana na rangi ya chungwa hutoa tope, hivyo katikati naacha ukanda mweupe au napitisha waridi. Na watu huniagiza jua likizama baharini! Kwetu bahari iko mashariki, jua huchomoza humo na kuzama upande wa bara. Mteja akisisitiza nampakia, ila mimi nyuma ya kadi naandika Alfajiri.

Kwa hudhurungi sinunui rangi. Kahawa chungu ya kwenye dele, iliyochujwa, inatosha: mkono wa kwanza kadi nzima, wa pili nusu, wa tatu robo, kila mmoja ukisubiri uliotangulia ukauke. Bizari ya manjano inavutia vilevile siku ya kwanza, lakini mwanga huila upesi, na rangi za kupikia biriani ni hivyohivyo. Hizo nazitumia kwa kadi itakayofungwa ndani ya bahasha, si ya kusimamishwa dirishani.