Lulu za Kufugwa Hazichaguliwi kwa Meno

Kila niliyemwambia kwamba natafuta mkufu wa lulu za kufugwa, yaani zinazokuzwa kwa msaada wa binadamu, alinielekeza nizisugue kwenye meno ya mbele: ikikwaruza kidogo ni nzuri, ikiteleza ni bandia. Ushauri huo una ukweli nusu, na ndiyo maana unapotosha. Mkwaruzo unaonyesha tu kwamba lulu imefunikwa na tabaka halisi lililotolewa na chaza. Unene wa tabaka hilo na mng'aro wake meno hayavijui, na lulu hafifu hukwaruza sawasawa na lulu bora.

Muuzaji naye alinitajia daraja la ubora la A tatu (AAA) kana kwamba limeandikwa kwenye sheria, ilhali hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na wauzaji wote, na kila mmoja hujigawia A hizo apendavyo.

Niliomba kitambaa cheupe, taa moja na lenzi. Juu ya lulu nzuri taswira ya taa huonekana kingo zake zikiwa wazi; juu ya lulu hafifu mwanga hutawanyika kama ukungu. Mkufu wa Akoya, aina ya lulu za baharini, niliopewa ulikuwa na lulu kubwa, za mviringo, zisizo na doa, nami nikaushika ncha zote mbili na kuuviringisha polepole karibu na taa. Hapo ndipo raha ilipoanza, kwa sababu lulu kadhaa zilianza kupepesa, mara ziking'aa, mara zikififia, na michirizi ya kiini, yaani kijiduara cha gamba kilichopandikizwa ndani ya chaza ili akifunike kwa tabaka lake, ikaonekana dhahiri. Muuzaji aliisingizia taa. Nikamwonyesha tundu la uzi kwa lenzi: tabaka lilikuwa jembamba mno, tena limeanza kubanduka ukingoni, naye akanyamaza. (Katika mkufu mwingine, mweusi, rangi ilikuwa imejikusanya tunduni na kuchafua uzi, jambo ambalo ni dalili ya lulu iliyotiwa rangi.)

Kisha nikageukia lulu za maji baridi, yaani za mito na maziwa. Hizo kwa kawaida hazina kiini cha namna hiyo, kwa hiyo unene wa tabaka haukunisumbua tena. Nilitazama mng'aro na jinsi zilivyolingana. Nilinunua mkufu wa lulu ndogo zaidi, si duara kamili, kwa karibu nusu ya bei ya ule uliopepesa. Vidoa vyake vingi viko karibu na matundu, ambako havionekani zikishatungwa.