Theluji ya Aprili Kibo: usiniulize kina, niulize jua linaipiga saa ngapi

Masika ikishika tu hapa Moshi meseji zinaanza, guide vipi juu kuna theluji nyingi? Watu wakiamka wakaona Kibo, kile kilele kirefu cha Kilimanjaro, imekuwa nyeupe mpaka mabegani wanapiga picha wanarusha kwenye magrupu. Sawa ipo nyingi, lakini mimi nataka kujua imeanguka lini, upepo uliilundika upande gani, na jua litaifikia saa ngapi.

Wageni wa Colorado na Uswisi ndo huwa wanauliza maporomoko ya theluji, tena wengine wanashangaa mbona hatubebi koleo na kile kidude cha kumtafuta mtu aliyefukiwa. Nawaelewa. Kwao theluji inajipanga tabaka juu ya tabaka msimu mzima, juu imekaza, chini imebaki legelege kama sukari, sasa mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45 mtu akipita hapo bamba zima linakatika linashuka naye. Na mara nyingi aliyelikata ni yeye mwenyewe au mwenzake. Wanafundishwa kuangalia poromoko bichi jirani, theluji kupasuka mbele ya buti, mngurumo mzito chini ya miguu, ukisikia huo geuza. Ukifukiwa nafasi yako kubwa ni dakika 10 hadi 15 za kwanza, kwa hiyo wa kukutoa ni uliopanda nao, helikopta itakuta mambo yameisha.

Huku kwetu tuko karibu na ikweta, theluji mpya kwenye njia inaliwa na jua kabla haijajipanga hivyo, na njia za kawaida sehemu kubwa sio kali kiasi hicho. Kule kwenye kuta za barafu za Heim na Kersten, upande wa kusini wa Kibo, ni habari nyingine na mimi sina haja ya kwenda huko.

Kinachonitisha mimi ni mawe. Western Breach, ile njia kali ya kupandia Kibo upande wa magharibi, Januari 2006 mawe yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa, ikaja kufunguliwa tena mwishoni mwa 2007. Usiku barafu inayashika yale mawe, jua likipanda barafu inaachia, na jiwe likianza kutembea halijui wewe umelipia siku ngapi. Kwa hiyo Arrow Glacier, kambi iliyo chini ya njia hiyo, unaondoka usiku mnene, helmeti kichwani, ukanda wa mawe uwe umeuacha nyuma kabla jua halijafika kule juu, na mgeni anayetaka kwanza anywe chai kukicha hiyo njia sio yake, apelekwe njia ya kambi ya Barafu tu.

Barafu kwenyewe usiku theluji imeganda, buti inashika vizuri, shida ni kurudi, kwenye saa nne hivi imekuwa uji juu ya changarawe na magoti yanalia. Gilman's kwenda Stella, pale kwenye ukingo wa kreta, pakiganda funga vile vyuma vya kwenye buti, usione aibu.

Afu kuna hili linaniudhi kila mwaka, mgeni ana miwani ya bei mbaya, mgumu, yaani mpagazi aliyembebea hema, yuko Barafu kwenye theluji mpya macho makavu kuanzia asubuhi. Jua linarudi kutoka chini pia, linaunguza jicho bila yeye kuhisi, maumivu yanakuja baadaye jioni, machozi hayakatiki, taa hawezi kuiangalia, na kesho anatakiwa ashushe mzigo. Ukija Aprili beba miwani ya ziada, nyeusi kabisa na iliyoziba pembeni, mpe mgumu mkiwa Karanga, kambi ya kabla ya Barafu, msisubiri kufika Barafu.