Mwanangu alikuwa haoni magharibi ikiingia

Mchana alikimbiza kuku vizuri tu. Giza likianza, alijikwaa kwenye kigoda, akapapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake. Ana miaka minne. Bibi yake alisema ni deko, nami nikaamini kwa wiki nzima, jambo linaloniuma hadi leo.

Zahanati muuguzi aliniuliza kama mtoto anaona jioni, kisha akafungua kadi ya kliniki: matone ya vitamini A ya kila miezi sita yalikuwa yamerukwa mara mbili. Akakata ncha ya kidonge chekundu cha yuniti 200,000, akamkamulia mdomoni. Kingine kesho yake, cha tatu baada ya wiki mbili. Siku ya tatu jioni mtoto aliniletea kandambili zangu kutoka uani bila kupapasa.

Kosa lilikuwa sufuriani. Tulikula ugali na mchicha wa kuchemsha, chumvi basi. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta. Pasipo mafuta, sehemu kubwa hupita tu. Sasa naunga matembele kwa mafuta au karanga, kiazi cheupe nimebadilisha na viazi lishe vya rangi ya chungwa, na maini tunakula mara moja kwa wiki. (Mjamzito asiyazidishe maini, vitamini A nyingi humdhuru mtoto tumboni.) Maembe ya msimu hayahitaji kubembelezwa.

Vidonge hivyo usijinunulie dukani. Vikizidi ni sumu.